Mvuke wa Limonest

"Sasa, mkwe wangu, ulisema nini?"

Hilo lilikuwa swali la nne asubuhi ile, na Anselme Perrachon alikuwa hata hajamaliza kahawa yake. Mama mkwe wake, Mama Bourdin, alisimama kati yake na mlango wa chumba cha kulala, beseni la vitambaa vichafu kiunoni, kama askari wa zamu. Nyuma ya mlango ule, kwenye kitanda cha Anselme mwenyewe, alikuwa amelala Rémy, kitinda mimba wa mama huyo. Uso na mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji, kwa kuunguzwa na maji ya gari ambalo Anselme ndiye aliyelichora.

"Nimekwambia, mama. Nilisema 'usifungue'."

"Jana ulisema unadhani ulisema."

"Nadhani nilisema."

"Haya! Punde umesema, sasa unadhani. Ikifika saa ya chakula utatwambia hukuwepo kabisa."

Clotilde, mke wa Anselme na dada wa mgonjwa, alikuwa akimenya vitunguu mezani. Hakuinua uso. Tangu Jumatatu alikuwa akizungumza na mumewe maneno ya lazima tu: supu ipo, kuni zimekwisha, daktari anakuja saa nne. Asubuhi alimtolea shati mlangoni kwa mkono mmoja kama anayempa mpita njia, kwani Rémy alikuwa amesema hataki kumwona shemeji yake, na mama mtu akalitia neno lile nguvu ya sheria. Anselme, mhandisi wa miaka thelathini na minane, akawa anavaa nguo jikoni na kulala juu ya benchi nyumbani kwake mwenyewe.

"Kesho mtu wa bima anakuja kiwandani," Clotilde alisema, akiongea na vitunguu. "Atamuuliza Rémy hapa, na wewe kule. Rémy anasema alisikia 'fungua'. Wewe utasema 'usifungue'. Mmoja wenu ni mwongo, na wote ni watu wangu."

"Si lazima pawe na mwongo, Clotilde. Palikuwa na kelele."

"Basi nani ana kosa? Kelele?"

Anselme alichukua kofia yake, akatoka.

*

Njia nzima ya kwenda kiwandani, akipita kati ya kuta ndefu za mtaa wa Monplaisir katika ukungu wa Novemba, alijaribu tena kuisikia sauti yake mwenyewe.

Walikuwa watatu garini siku ile. Rémy alikuwa kwenye usukani, yeye pembeni yake, na nyuma alikaa Jacquier, mhandisi mwenzake na mpinzani wake wa kila siku. Gari lilikuwa halina pampu ya maji. Hilo ndilo lililokuwa fahari ya Anselme. Maji yalizunguka yenyewe: yakipata moto kwenye silinda yanakuwa mepesi, yanapanda kwa bomba la juu mpaka kwenye rejeta iliyokuwa nyuma ya injini, mbele ya miguu ya dereva, yanapoa, yanashuka, yanarudi kwa bomba la chini. Hakuna cha kuvunjika, hakuna cha kuvuja. Walikuwa wamekwenda nalo barabara za tambarare kilomita arobaini bila tatizo, na ungeweza kushika rejeta kwa kiganja.

Kwenye mlima wa Limonest, hata nusu hawajafika, gari lilianza kunguruma tumboni. Kisha likapiga mluzi. Rémy alisimamisha, na gari likaanza kurudi nyuma polepole. Anselme akaruka chini na kukimbilia jiwe la kuwekea gurudumu. Alikuwa ameinama, amelipa gari mgongo. Kwa ukingo wa jicho alimwona Rémy ameruka naye, ana kitambaa mkononi, anauendea mfuniko wa rejeta. Akapiga kelele. Hapo ndipo kumbukumbu ilipomkatikia. Alijua alipiga kelele, na koo lilimuuma siku nzima. Lakini je, alisema "usifungue"? Au, kwa kuwa alikuwa ameyawaza hayo kwa miezi, injini inapasuka, injini inapasuka, toa mvuke, alisema neno lililokuwa kichwani badala ya lile lililopaswa kuwa mdomoni?

Kilichofuata alikikumbuka chote. Nguzo nyeupe ya mvuke na maji, urefu wa mtu, kisha Rémy ameketi barabarani, ametulia tuli, akiuliza kwa adabu, "Kuna nini? Mbona pamekuwa giza?"

*

Katika chumba cha wachoraji, mtu alikuwa amechora kwa chaki ukutani birika lenye magurudumu manne, na juu ya mfuniko wake kofia ya duara kama ya Anselme. Wachoraji wote wanne waliinama ghafla juu ya karatasi zao. Anselme alitafuta kitambaa afute, hakukiona. Alifuta kwa mkono wa koti, na chaki ikamganda kwenye mkono ule, akakaa nayo siku nzima.

Jacquier alimkuta hapo. Alikuwa mtu mnene wa milimani, hana mke, hana sauti ndogo.

"Perrachon! Acha kusugua ukuta, twende uani. Nimelitoa gari lako."

"Gari gani? Mzee Thévenard amesema lisiguswe mpaka mtu wa bima apite."

"Mzee Thévenard amekwenda kula. Mwenye kiwanda akila, kiwanda ni cha wenye njaa. Njoo."

Gari lilikuwa uani, boneti wazi. Jacquier alikuwa ameshajaza maji mapya na kuwasha injini. Walisimama robo saa wakiitazama ikizunguka vizuri, na Jacquier akaweka kiganja juu ya rejeta.

"Vuguvugu. Kama maji ya kuogea mtoto. Sasa niambie, ndugu yangu, kwa nini Jumatatu ilikuwa jehanamu?"

"Sijui. Nimepiga hesabu upya mara tatu. Ukubwa wa bomba unatosha. Maji lita kumi na nane yanatosha."

"Mimi nilikwambia weka pampu."

"Na pampu yako ilivuja mara ngapi Septemba? Dereva wako alirudi amelowa kama aliyebatizwa."

"Ilivuja, lakini haikumchoma mtu!"

Neno lile lilipotoka, Jacquier mwenyewe alitamani kulirudisha. Alijikuna shingo. Anselme aliegemea tairi. Injini iliendelea kuunguruma.

"Labda ni uchafu kwenye bomba," Anselme alisema hatimaye.

"Nimelifungua. Safi."

"Labda cheche zilikuwa zinachelewa. Moto ukichelewa, joto linabaki kwenye silinda."

"Rémy hawezi kukosea cheche, yule kijana ana masikio ya mbwa." Jacquier akainama kutazama mbele ya injini. "Feni? Hatuna feni. Mlimani tunakwenda mwendo wa kobe, upepo haupiti kwenye rejeta. Wale Wajerumani wenye rejeta ya matundu kama sega la nyuki wameweka feni nyuma yake."

"Hilo nalo ni kweli. Lakini ingechukua muda kuchemka. Hii ilichemka ghafla, Jacquier, kama mtu kafunga mlango. Maji yalikuwa yanazunguka, mara yakagoma. Tambarare yanakubali, mlimani yanagoma. Maji yanajuaje kwamba yako mlimani?"

Walitazamana. Jacquier akalipima gari kwa macho, kutoka pua hadi mkia. Kisha akaenda banda la zana, akarudi na jeki mbili na magogo ya mbao. Bila kuambiana, wakaanza kuinua magurudumu ya mbele, gogo juu ya gogo, mpaka pua ya gari ikatazama angani kama ya mbwa anayebweka.

Hazikupita dakika tatu. Rejeta ya nyuma ilianza kupoa chini ya kiganja cha Jacquier, ilhali silinda za mbele ziliunguruma tumboni, mngurumo uleule.

"Zima!" Anselme alipiga kelele. "Zima, na usiguse mfuniko!"

Jacquier alizima. Walikaa chini kwenye mawe ya ua, wamelowa jasho katika baridi ile.

"Rejeta iko nyuma ya injini," Anselme alisema taratibu, kama anayesoma barua ya msiba. "Tambarare, rejeta iko juu kidogo kuliko injini. Maji ya moto yanapanda kwenda kwake. Gari likipanda mlima, injini inakuwa juu, rejeta inakuwa chini. Mimi nimeyaambia maji ya moto yashuke. Hayawezi. Yanabaki mbele, yanakuwa mvuke."

"Tumekosea kwa kiasi gani?" Jacquier aliuliza.

"Tungi la maji la rejeta lingeinuliwa upana wa vidole kumi tu, yangepanda hata mlimani."

"Vidole kumi." Jacquier alitikisa kichwa. "Na mimi niliuona mchoro ule, nikaupigia kelele wiki nzima kwa sababu hauna pampu. Nilikuwa natafuta kosa nililolitaka mimi, sikuliona lililokuwepo."

Akainuka, akajipangusa. Kisha akasema bila kumtazama mwenzake, "Kesho nitamwambia mtu wa bima kwamba nilikusikia ukisema 'usifungue'."

Anselme aliinua kichwa. "Ulinisikia?"

"Ndivyo nitakavyosema."

"Nimekuuliza ulinisikia? Ulikuwa nyuma ya gari, ulikuwa unaifuata kofia yako mtaroni."

"Perrachon, mtu akikurushia kamba usimuulize imesokotwa wapi."

"Jacquier, kwa jina la Mungu, nataka kujua. Ulisikia 'usi' au hukusikia?"

Uso mpana wa Jacquier ulionyesha kwamba anajitahidi kwa kweli kukumbuka.

"Nilisikia 'fungue', au 'fungua'. Mbele yake kulikuwa na kitu, au kulikuwa na mluzi. Siku ya kwanza nilikuwa na hakika. Sasa nimekwishajiambia mara nyingi sana hata sijui."

*

Mtu wa bima alikuwa mdogo wa mwili, mwenye mafua, na alikuwa ameshapitia nyumbani kwa Anselme kuchukua maneno ya Rémy. Aliketi kwenye meza ya Bwana Thévenard. Mwenye kiwanda mwenyewe alisimama dirishani, mikono nyuma.

"Jambo ni jepesi," yule mtu alisema, akipenga kamasi. "Dereva amefungua mfuniko wa chombo kinachochemka. Akiwa ameamriwa na mkubwa wake, ameumia kazini, na kampuni yetu inamlipa haki yake yote. Akiwa amefungua kwa kichwa chake, tena baada ya kukatazwa, huo ni uzembe mkubwa, na malipo yanakatwa. Bwana Jacquier, wewe ulisikia nini?"

"Nilimsikia Bwana Perrachon akisema 'usifungue'," Jacquier alisema kwa sauti yake kubwa.

Bwana Thévenard alipumua kwa nafuu. Mhandisi asiye na kosa ni kiwanda kisicho na kosa. "Umeona?" alisema. "Perrachon ni mtu makini. Kijana alipagawa, basi."

Kalamu ya mtu wa bima ilianza kutembea. Anselme aliitazama. Ilikuwa inaandika jambo ambalo huenda lilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomchanganya zaidi, kwamba huenda lilikuwa kweli, na kwamba halikumpa raha hata kidogo.

"Subiri," alisema. "Ngoja kwanza tuzungumze kwa nini maji yalichemka."

"Hilo halimo kwenye fomu yangu, bwana."

"Basi fomu yako ina upungufu. Gari lile haliwezi kupanda mlima. Mimi nililichora hivyo, na mimi niliwapandisha mlimani. Rémy alikuwa na gari linalorudi nyuma na injini inayolia, na hakuna aliyewahi kumfundisha afanye nini, kwa sababu mimi niliapa haitachemka kamwe. Nilichosema wakati ule sikikumbuki. Nimejitafuta siku nne, sijajipata. Andika kwamba mhandisi hakutoa amri iliyoeleweka."

"Sina nafasi ya kuandika hivyo. Nina nafasi mbili. 'Aliamriwa' au 'alikatazwa'." Alipenga tena. "Nipe moja."

Bwana Thévenard aligeuka kutoka dirishani. "Perrachon. Fikiri vizuri. Sitaki kuwa na mkuu wa michoro anayewaambia madereva wafungue mvuke usoni."

Jacquier alikuwa akimtazama kwa macho ya kumsihi. Chumba kilikuwa na joto la jiko la makaa, na Anselme alihisi jasho likimtiririka chini ya ukosi.

"Andika aliamriwa," alisema.

*

Nje, kwenye ngazi, Jacquier alimshika bega kwa nguvu hata akayumba.

"Umenifanya mwongo mbele ya Mzee!"

"Nisamehe."

"Nisamehe! Amekutupa kwenye banda la matengenezo, unajua? Utakaza nati kwa mshahara wa fundi, mtu mwenye diploma. Na michoro amenipa mimi. Mimi! Nitawaambia nini wale wapumbavu wanne wa chaki?"

"Utaweka pampu?"

Jacquier alimwachia bega. Alitazama vidole vyake vinene, akavinyoosha vyote kumi mbele ya uso wa mwenzake.

"Nitainua tungi vidole kumi," alisema kwa hasira. "Na nitaweka feni. Mawazo yako yalikuwa sawa, punda wewe. Ni mahali tu palipokosewa."

Akaondoka bila kuaga.

*

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Katika mtaa ule wa watu wa viwandani, neno lina miguu. Alipofungua mlango, Mama Bourdin alikuwa amesimama katikati ya jiko, mashavu mekundu.

"Nilisema! Tangu siku ya kwanza nilisema! Amekiri mwenyewe!"

"Mama, nenda kamwangalie Rémy," Clotilde alisema.

"Nimtazame mara ngapi? Huyu ndiye wa kutazamwa."

"Mama."

Mama mtu alikwenda, lakini mlango aliuacha wazi kidogo. Clotilde alijifuta mikono kwenye aproni. Kwa mara ya kwanza katika siku nne alimtazama mumewe machoni, na Anselme aliona kwamba hakuwa amelala zaidi yake.

"Kwa hiyo ulisema."

"Nimewaambia hivyo."

"Sikuulizi ulichowaambia wao. Mimi ni mke wako. Niambie mimi peke yangu, sitakupigia kelele. Ulimwambia ndugu yangu afungue?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi pia kusema hapana, tena hapana ingemfanya shujaa aliyejitwika kosa lisilo lake. Alifikiria yote mawili, akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili kama mwombaji.

"Sijui, Clotilde."

"Mtu wa bima umempa jibu. Mimi unanipa 'sijui'."

"Yeye alitaka neno la kujazia fomu. Wewe umetaka ukweli, na ukweli ninao huo mmoja tu. Nikikupa mwingine nitakuwa nimeutunga."

Clotilde alikaa kwenye benchi, pale ambapo mumewe alikuwa akilala. Alianza kulia, lakini kwa namna ya ajabu, kama mtu asiyejua analilia upande gani. Anselme hakuthubutu kumgusa. Alikuwa bado amesimama hivyo wakati sauti ilipotoka chumbani, nzito, ya mtu anayesema bila kufungua midomo vizuri.

"Shemeji."

"Lala, mwanangu," Mama Bourdin alisema mle ndani.

"Nimelala siku nne, mama. Mwite."

Anselme aliingia chumbani kwake. Palikuwa na harufu ya dawa na ya mafuta ya kitani ya kupaka vidonda. Daktari alikuwa amepita mchana, na sasa ilikuwa saa ya kubadilisha bendeji. Mama Bourdin alikuwa ameanza kuzifungua kwa mkasi, akizivuta kwa hasira.

"Nilisikia 'fungua'," Rémy alisema kutoka ndani ya vitambaa. "Nilimwambia yule mtu hivyo, na ndivyo nilivyosikia. Lakini hakuniuliza kama ningefungua hata kama usingesema kitu. Mkono wangu ulikuwa juu ya mfuniko tayari, shemeji. Niliogopa injini itapasuka. Hata ungeimba zaburi, ningefungua."

"Funga mdomo wako!" mama yake alisema kwa mshtuko. "Unataka wakukate malipo?"

"Mtu wa bima ameshapanda tramu, mama."

Clotilde alikuwa amefika mlangoni. Alimtazama mdogo wake, akamtazama mumewe, kisha akaingia, akachukua mkasi mikononi mwa mama yake na kumpa Anselme beseni.

"Shika hili. Karibu, si huko. Na umshike kichwa kisogoni, asijigeuze."

Anselme alishika. Kichwa cha Rémy kilikuwa kizito na chenye joto kwenye kiganja chake. Clotilde alikata, akalowanisha, akabandua kidogo kidogo, na kila kitambaa kilipoanguka ndani ya beseni Anselme alijikaza asifumbe macho. Kitambaa cha mwisho kilitoka, na Rémy akapepesa macho yote mawili kwenye mwanga wa dirisha.

"Haya, mhandisi," alisema. "Mama na dada wanasema si kitu, uso utapona wote. Kioo wamekificha. Wewe unaonaje?"

Mama Bourdin alimtolea Anselme macho. Clotilde alisimama na mkasi mkononi, hakumsaidia kwa ishara yoyote.

Anselme aliinama karibu. Alitazama kama alivyozoea kutazama chuma kilichopasuka, bila haraka, kuanzia kwenye nywele mpaka kidevuni.

"Macho ni mazima," alisema. "Pua nzima. Shavu la kulia linaota ngozi mpya, ni nyekundu lakini laini. La kushoto limeungua mpaka ndani, kuanzia sikioni hadi hapa. Hilo litabaki na kovu, Rémy. Kubwa. Na ndevu hazitaota hapo."

Mama Bourdin aliketi kitandani kwa kishindo na kufunika uso kwa aproni.

Kitu kama pumzi ndefu kilimtoka Rémy, na kichwa chake, kilichokuwa kimekakamaa muda wote, kikalegea na kuelemea kwenye kiganja cha shemeji yake.

"Ahsante," alisema. "Endelea, dada. Tia dawa."

Clotilde akalowesha kitambaa kipya.